Tupeane uzoefu: nyuki alikuuma jichoni, ulitibiwaje?

Wakuu, naanza mimi. Mwaka juzi tulikwenda kurina asali huku Sikonge, usiku, mizinga ya magogo. Wenzangu walikuwa na wavu usoni, mimi nimejifunga kanga tu. Nyuki mmoja akapenya akanidunga jicho la kulia, si kwenye kope, kwenye jicho lenyewe. Machozi yakawa yanatiririka, tochi haitazamiki. Kaka akajaribu kuung'oa mwiba kwa kucha, ukakatika, kipande kikabaki ndani.

Zahanati nilipewa matone nikarudishwa nyumbani. Siku ya tatu naona ukungu, nikapanda basi hadi hospitali ya mkoa. Daktari wa macho alinitia ganzi, akatia rangi ya njano, akawasha taa ya buluu. Mwiba ulikuwa umekaa kwenye kioo cha mbele cha jicho. Aliutoa kwa sindano nyembamba huku nimeegemeza kidevu kwenye mashine, nimekaza meno. Nikaanza matone ya antibayotiki na ya steroidi, yaani dawa ya kupunguza uvimbe, narudi kupimwa kila baada ya siku chache. Leo nasoma, ukungu kidogo umebaki.

Akikuuma kwenye ngozi ya kope, toa mwiba haraka, kifuko chake kinaendelea kusukuma sumu hata nyuki akishaondoka. Mwiba ukiwa kwenye jicho lenyewe usiuguse, usipikiche, wahi kwa daktari wa macho.

Mama Pacha: Pole sana kaka. Mwanangu aliumwa na nyigu kope la juu. Jirani akashauri nimkamulie maziwa ya mama jichoni, nikakataa. Nyigu haachi mwiba, kwa hiyo nilimkanda kwa kitambaa cha maji baridi. Asubuhi jicho limefumba kabisa, siku ya pili likafunguka. Usiku kucha nilikuwa namsikiliza anavyopumua. Angebanwa kifua au kuvimba midomo, ningekimbia naye saa ileile.

Wa Machakos: Kwetu ni Nairobi fly, kijidudu chembamba chekundu na cheusi, mvua ikinyesha wanafuata taa. Huyo hang'ati wala hadungi, sumu iko mwilini mwake. Nilimponda shingoni nikiwa usingizini, nikapikicha macho kwa mkono uleule. Kesho yake shingo ina malengelenge na jicho limevimba. Sasa nampuliza tu, nikimgusa naosha mikono kwa sabuni.

Mrina Asali: Mkuu, yale matone ya steroidi kama yalibaki nigawie, jicho langu jekundu wiki nzima.

Mwanzisha mada: Hapana ndugu yangu. Yanaweza kupandisha presha ya jicho, na kama una fangasi kidonda kitazidi kuchimba. Kesho asubuhi nenda ukapimwe.