Mswada wa filamu kutoka Iliad: nikate wapi?

mwandishi_skrini
Wakuu, naandaa mswada wa filamu kutokana na Iliad, utenzi wa Homer, mshairi wa Ugiriki ya kale, kuhusu vita vya Wagiriki dhidi ya mji wa Troy. Vitabu 24, mistari zaidi ya 15,000, nami nina kurasa 120 (ukurasa mmoja ni kama dakika moja). Nianze malkia Helen anapotoroka Sparta, nimalizie kwa farasi wa mbao aliyewaingiza Wagiriki mjini? Na miungu niitoe?

Kipazasauti
Mkuu, farasi hayumo kwenye Iliad, wala kifo cha Achilles, shujaa mkuu wa Wagiriki, hakimo. Utenzi unaanza mwaka wa kumi wa vita, Agamemnon, mkuu wa jeshi la Wagiriki, anapomnyang'anya Achilles mateka wake Briseis, na unaishia kwenye mazishi ya Hector, mwana wa mfalme wa Troy. Ni habari ya hasira ya mtu mmoja. Filamu ya Troy ya 2004 ilijaribu kubeba vita vyote kwa dakika 163, na hasira ile ikakosa nafasi.

Uti wa mgongo ni vitabu 1, 9, 16, 18, 22 na 24. Orodha ya merikebu ya kitabu cha 2 imalize kwa picha moja ya ufukwe. Lakini cha 6 usikiguse: Hector anaagana na mkewe Andromache, mtoto analia kwa kuogopa kofia ya vita ya baba yake. Ukikikata, kifo cha Hector hakitamuuma mtu.

Wengi hukosea kwa kuruka kitabu cha 9. Achilles anapewa zawadi tele arudi vitani, anakataa. Mtazamaji asipokuona kukataa huko, kifo cha Patroclus, rafiki yake anayekwenda kupigana badala yake, kitaonekana bahati mbaya tu, wakati ni matokeo ya kukataa huko. Hotuba ya Phoenix, mlezi wake anayemsihi, fupisha; kisa cha shujaa Meleager anachosimulia humo kitoe.

Bi_Tanzu
Kuhusu miungu, ukiitoa unabaki na mashimo matatu ya kuziba: tauni ambayo mungu Apollo anawaletea Wagiriki, Paris (aliyemtorosha Helen) kunusurika mbele ya Menelaus, mume wa Helen, na Hector kuacha kumkimbia Achilles, maana mungu wa kike Athena ndiye anayemhadaa kwa sura ya nduguye Deiphobus. Filamu ya Troy iliziba la pili kwa kumfanya Hector amuue Menelaus, ambaye kwa Homer anarudi Sparta salama na Helen. Mimi ningeibakiza. Kitabu cha 1 Athena anamshika Achilles nywele asichomoe upanga, na hakuna mwingine anayemwona. Piga picha hivyohivyo.

Kitabu cha 24 kipe kurasa zisizopungua 12. Mfalme Priam, babake Hector, kubusu mikono iliyomuua mwanawe hakuhitaji muziki.

Kipazasauti
Naongeza la bajeti: magari ya farasi kwa Homer mara nyingi humfikisha shujaa vitani, kisha anashuka na kupigana kwa miguu. Magari machache yatakutosha.