Mkaa wa vifuu unaweza kunasa zebaki kwenye moshi wa kiwanda?

mwana_ngamiani
Wakuu habari za asubuhi. Mimi niko Tanga, nachoma vifuu na makumbi ya nazi kwenye pipa lililofunikwa napata bayocha, mpaka sasa nawauzia wenye bustani tu. Juzi nimesikia mkaa wa taka kama huu unanasa zebaki kwenye moshi wa viwanda vya makaa ya mawe, ni kweli? Maana zebaki ikishatoka dohani inaishia baharini, vijidudu vinaigeuza inakuwa sumu kali zaidi, inapanda mpaka kwa papa na jodari ambao sisi ndo kitoweo chetu, na mke wangu ni mjamzito, yani hili jambo limeniingia kweli. Nipeleke sampo kiwandani?

FundiTanuru
Kweli mkuu, ila sio mkaa mtupu. Zebaki ipo kidogo kwenye makaa ya mawe na hata kwenye mawe ya chokaa ya simenti, na tanuru linafika digrii 1,400 na zaidi wakati zebaki inachemka digrii 357 tu, kwahiyo yote inakuwa mvuke. Iliyoshika vumbi inabaki kwenye mifuko ya chujio, iliyoungana na klorini inayeyuka ukiuosha moshi kwa maji, ila ile tupu haiyeyuki, inapita zake. Hiyo ndo inayosumbua. Wanapuliza unga wa mkaa bombani kabla ya chujio, moshi ukishapoa kwenye digrii 150 hivi, unga unatanda kwenye mifuko na moshi lazima upite humo. Bayocha ya kawaida inashika kidogo, ukiilowesha kwanza kloraidi ya amonia au chumvi ya bromini ndo zebaki inapata cha kung'ang'ania.

dada_tongoni
Na yale makumbi yaliyofukiwa pwani ya kusokotea kamba za usumba? Si yameshalowa chumvi tayari

FundiTanuru
Yamelowa dada, ila klorini ya chumvi ya bahari imeshikana na sodiamu, haiachii kirahisi kama ya amonia. Usiitegemee.

mkemia_pongwe
Mnaongelea kunasa tu, hamjauliza mkaa ukishajaa zebaki unaenda wapi! Viwanda vya simenti vumbi la chujio mara nyingi linarudishwa tanuruni, likirudi na mkaa wako ndani yake zebaki inapanda upya, mmeizungusha tu. Na hata kiroba kimoja kilichotumika kisirudi mtaani, sio kama mbolea wala mkaa wa kupikia, jikoni ule moto unaitoa yote mbele ya mama na mtoto. Utengwe, utunzwe kama taka ya sumu.

mwana_ngamiani
Asanteni sana, hilo la mwisho sikuwa nimelifikiria kabisa. Naanza na vifuu peke yake, nisage kiroba kimoja cha sampo, na nikifika getini kabla ya bei nawauliza kwanza ukishatumika wanauweka wapi, wasiponijibu narudi nacho bustanini.