Viungo vya nyimbo vinatumwa kundini, hakuna anayevifungua. Tufanyeje?

mlezi_wa_vijana

Bwana asifiwe wapendwa. Kundi letu la WhatsApp lina vijana wapatao 40, wa miaka 14 hadi 22. Viungo vya nyimbo za injili vinatumwa kila siku, mara nyingine hata 10, na karibu vyote vinapita bila kuguswa. Plelisti yetu ina nyimbo 180 na wanaoifuata ni wachache mno. Vijana wenyewe wanasema wakifungua simu wanaletewa zilezile tano zinazovuma, na hawajui pa kutafutia nyingine. Baadhi yao wanataka pia kurekodi na kurusha za kwao. Naomba hatua za kufuata.

sauti_ya_tatu

Asifiwe sana, mlezi. Punguzeni kwanza. Kiungo kitupu hakimwambii kijana chochote: hajui ni wimbo wa dakika ngapi, utamla MB ngapi, wala kwa nini ausikilize leo. Tumeni wimbo mmoja, mara mbili kwa wiki, siku zilezile, na juu ya kiungo muweke maneno machache yanayomwonyesha pa kuelekeza sikio. Kwa mfano:

"Zaburi 42:5. Dakika 4:10. Anzia 2:35, besi inaponyamaza na waimbaji wanabaki na sauti zao tu. Sikiliza sauti ya nne inavyoshuka."

Kijana akisoma hivyo atafungua, kwa sababu ana kitu cha kwenda kukisikia. Na mfungulieni palepale. Kwenye kiungo cha YouTube ongezeni muda kwa sekunde: 2:35 ni sekunde 155, kwa hiyo mwishoni mnaandika ?t=155. Wengi hukosea hapa. Viungo vinavyonakiliwa kutoka kwenye simu mara nyingi tayari vina alama ya kuuliza (?si= na herufi nyingi), na mkiweka ya pili muda hausomwi, wimbo unaanza mwanzo. Kama ipo tayari, andikeni &t=155.

Plelisti ya nyimbo 180 ni ghala. Nyimbo 15 za dakika nne zinatosha saa nzima, na hiyo ndiyo plelisti ambayo mtu anaimaliza. Ipeni jina la wakati wa kuitumia, kama "Usiku wa kujisomea" au "Kabla ya ibada", maana "Nyimbo za Injili 2" haimwiti mtu. Tatu za kwanza zichagueni kwa uangalifu kuliko zote, kwa kuwa wengi huamua hapo kama wataendelea. Kila mwezi toeni nne, ingizeni nne, na zilizotoka zihamie kwenye plelisti ya akiba.

Spotify inaruhusu plelisti ya pamoja, lakini kila mshiriki anaweza kufuta au kupanga upya nyimbo za mwenzake. Msiwape wote 40. Wawekeni wanne kwa mwezi, wengine wapendekeze kwao, kisha mbadilishane zamu. Kijana akikabidhiwa zamu huanza kutafuta nyimbo kwa bidii, kwa sababu jina lake liko pale.

mfuata_majina

Kuhusu zile tano zinazojirudia: mfumo wa mapendekezo unafuata kilichochezwa kwenye akaunti. Kama simu ni ya nyumba nzima, mapendekezo nayo ni ya nyumba nzima. Kila kijana mwenye umri unaoruhusiwa awe na akaunti yake, aingie kwenye historia ya YouTube afute vilivyochezwa na wengine, kisha asikilize nyimbo kadhaa za aina anayoitaka hadi mwisho. Asiruke ruke. Spotify huhesabu wimbo kuwa umesikilizwa ukifika sekunde 30.

Njia bora zaidi kwangu ni kufuata majina ya nyuma ya wimbo. Fungua taarifa za wimbo usome mtunzi, mtayarishaji, mpiga kinanda. Mwimbaji unamjua tayari. Mtunzi huyohuyo huenda ameandikia wengine watano ambao hujawahi kuwasikia. Tafuteni pia kwa andiko ("Zaburi 121 wimbo"), au kwa mtindo na lugha: mapambio, kwaya bila ala, tenzi kwa gitaa.

Mpenda rapu apewe rapu ya injili. Ukimpa kwaya ya sauti nne siku ya kwanza, umempoteza.

Na someni maneno yote kabla ya kupendekeza. Kiitikio kitamu huweza kubeba ubeti wenye mafundisho yasiyokubaliana na Neno, na vijana wataushika kwa moyo wote.

fundi_mitambo

Nawasihi msirushiane mafaili ya MP3. Naelewa mnataka kuokoa bando: kwa ubora wa kawaida wa kbps 128 dakika moja ni kama MB 1, video inakula mara nyingi zaidi. Lakini tangu 2024 wimbo usiofikisha kuchezwa mara 1,000 ndani ya miezi 12 haumlipi msanii chochote Spotify, na faili lililozunguka simu 300 halihesabiwi hata mara moja. Mwimbaji mchanga wa injili anaumia hapo. Mwenye bando dogo apakue ndani ya programu yenyewe, pale inaporuhusiwa.

Kurekodi: simu iwe sentimita 20 hadi 30 kutoka kwa mwimbaji mmoja, mita moja na nusu hadi mbili kwa kikundi, kwenye hali ya ndege ili simu isiingie katikati ya ubeti. Chumba kitupu kinarudisha mwangwi. Tundikeni mablanketi nyuma ya waimbaji. Kwenye kipimo cha sauti cha programu ya kurekodi, kilele kibaki karibu na -6 dB. Ikigonga 0 inakwaruza, na kuiondoa baadaye ni shida kubwa.

Kuimba wimbo wa mtu kunagusa haki ya mtunzi hata kama ala ni zenu. Mkitumia biti lake, mmegusa na haki ya rekodi. Tenzi ya zamani inaweza kuwa huru, ila tafsiri au mpangilio wake wa sauti ukawa bado na mwenyewe. Leseni ya CCLI (shirika linalotoa leseni za nyimbo kwa makanisa) ya kuonyesha maneno ukutani haihusu kurusha mtandaoni. Ya kurusha ni leseni nyingine. YouTube, dai la Content ID (mfumo unaotambua wenyewe nyimbo zenye mwenyewe) si onyo: video huweza kubaki na mapato kwenda kwa mwenye haki. Maonyo matatu ndani ya siku 90 ndiyo yanayoweza kufunga chaneli.

mlezi_wa_vijana

Mbarikiwe sana. Nyimbo zimepungua kuanzia leo. Swali moja: vijana wa makanisa jirani wanataka kuingia kundini, na wengine ni wa miaka 14. Kuna shida?

sauti_ya_tatu

Ipo. Kundini kila mwanachama anaona namba za wengine. Fungueni chaneli ya WhatsApp kwa ajili ya nyimbo: mfuasi haonyeshwi namba ya mfuasi mwenzake. Kundi la maongezi libaki la wale 40, lenye walezi wawili. Na kabla ya kurusha video ya mtoto anayeimba, mzazi atoe ruhusa kwa maandishi, na jina kamili na sare ya shule visionekane.