Anayesoma apunguziwe zamu, au abebe mzigo wake?

Nyota_ya_Usiku: Wadau, mtumishi wa hospitali akijiunga na masomo huku anaendelea na kazi, apunguziwe zamu au abebe yote kwa kuwa kaamua mwenyewe? Niko mwaka wa 2 wa shahada ya uuguzi. Juzi nimekabidhi wodi asubuhi, nikaenda moja kwa moja kwenye mtihani. Swali la kwanza nimelisoma mara nne, halikuingia. Nyumbani nikisemeshwa nataka kulia.

Mzee_wa_Wodi: Pole, binti. Ila tusidanganyane, hakuna aliyekulazimisha. Na zamu ya usiku wagonjwa wakilala mnafungua vitabu pale mezani. Muda mnao.

Sista_B: "Wagonjwa wakilala"?! Mzee, ulifanya kazi wodi gani wewe? Saa 9 usiku ndipo dripu zinaisha, aliyetoka upasuaji anatapika, na mapokezi wanakuletea mtu hana kitanda.

Mzee_wa_Wodi: Nina miaka 22 kazini. Adabu kidogo.

Sista_B: Shikamoo. Sasa nijibu, wodi gani?

Zamu_Mbili: Mimi sisomi. Mwenzangu akiwa na mtihani, wagonjwa wake nashika mimi. Apunguziwe, sawa, pengo analijaza nani? Akihitimu anapanda cheo, mimi nabaki na mgongo.

Fundi_Maabara: Si WHO walishatangaza uchovu huu ni ugonjwa, mwaka 2019? Mleta mada akaandikiwe mapumziko, kwisha.

Dokta_Kurasa: Si ugonjwa, kaka. ICD-11, mwongozo wa WHO wa kuainisha magonjwa na hali za kiafya, inauita hali itokanayo na kazi: msongo wa muda mrefu kazini usioshughulikiwa. Unaishiwa nguvu, unaichukia kazi, unajiona hufanyi la maana. Kumwandikia mapumziko tu ni kushusha homa, jipu halijatumbuliwa. Marekani tangu 2003 madaktari wanaosomea ubingwa wana kikomo cha saa 80 kwa wiki, na kujisomea nyumbani hakuhesabiwi.

Fundi_Maabara: Saa 80 ndiyo kikomo? Hiyo mbona hukumu!

Mzee_wa_Wodi: Turudi kwenye usingizi. Muuguzi akisinzia mgonjwa akazidiwa, nani atajibu?

Sista_B: Nani kataja kusinzia? Ila kwa kuwa umelianzisha: kuna utafiti wa 1997, mtu akikaa macho saa 17 hivi utendaji wake unashuka kama aliyekunywa hadi pombe kwenye damu ikafika 0.05%. Mlevi hapimi dozi. Dakika 20 za kujinyoosha, kwa kupokezana, ziandikwe kwenye ratiba. Sasa hivi tunaziiba.

Mzee_wa_Wodi: Kwa hiyo mnaziiba. Asante kwa kukiri.

Sista_B: Yaani katika yote umeona hilo tu!

Dokta_Kurasa: Mimi dakika 20 naziunga mkono, ila kuamka ghafla ni balaa. Dakika chache za kwanza kichwa hakipo, usikabidhiwe sindano.

Nyota_ya_Usiku: Jamani, mimi niliuliza saa za kazi. Leo naingia saa 1 jioni, na kazi ya chuo mwisho wa kuwasilisha ni saa 6 usiku huu huu.

Zamu_Mbili: Na pengo?

Sista_B: Mzee, bado nasubiri. Wodi gani?

Mzee_wa_Wodi: Macho.

Sista_B: Ahaa! Kumbe wodi ya macho ndiyo iliyokuwa inalala.