Kiziduo cha mkilifi: panya wameacha kujikunja, lakini sahani ya moto haioneshi kitu

Fundi_Maabara_Malindi
Assalam aleikum wenzangu. Majani ya mkilifi (mwarobaini) yamekaushwa kivulini, yakasagwa, yakalowekwa kwenye ethanoli 70% kwa saa 72, yakachujwa, kisha ethanoli ikavukizwa bila kuzidi 45°C, kikabaki kiziduo. Panya wadogo weupe wamepewa 100, 200 na 400 mg/kg kwa mdomo. Kwenye kipimo cha asidi asetiki (huchomwa tumboni, panya akajikunja kwa maumivu) kujikunja kumepungua sana, karibu sawa na dawa ya maumivu ya diklofenaki, 10 mg/kg. Kwenye sahani ya moto ya 55°C hakuna tofauti yoyote, hata kwa diklofenaki. Je, dawa inatuliza maumivu au haitulizi? Na kipimo cha uvimbe nianzie wapi?

Bint_Langoni
Wa aleikum salaam. Sahani yako haijakwambia kitu bado. Diklofenaki hufanya kazi pale penye jeraha, kwa kuzuia prostaglandini, kemikali za mwili zinazoleta maumivu na uvimbe. Joto la ghafla kwenye unyayo haliishughulishi sana. Kundi la kulinganisha hapo lipewe mofini, 5 mg/kg chini ya ngozi. Mofini ikirefusha muda wa panya kulamba unyayo au kuruka, ujue sahani ni nzima, na hapo ndipo ukimya wa mkilifi una maana. Mtoe panya ikifika sekunde 15 hata kama hajaitika, asiungue.

Asidi asetiki nayo usiiamini peke yake. Karibu kila kitu hupunguza kujikunja, hata dawa inayomlegeza panya tu. Fanya formalini: 2.5%, mikrolita 20 chini ya unyayo, uhesabu sekunde za kulamba. Dakika 0–5 ni maumivu ya neva zenyewe, dakika 15–30 ni ya uvimbe. Mofini hushusha awamu zote mbili, dawa za jamii ya diklofenaki hushusha zaidi ya pili. Nadhani dawa yako itaangukia hapo kwenye ya pili.

Kipimo_Kwanza
Kwa uvimbe, tumia panya wakubwa wa gramu 150–200, sita kila kundi. Karajinani (unga wa mwani unaoleta uvimbe) 1% kwenye maji ya chumvi 0.9%, iandae mapema iloweke vizuri, maana ikiwa na madonge sindano huziba na kila mguu hupata kiasi chake. Nunua aina ya lambda. Mwani unaolimwa Kwale hutoa kapa na aota, ambazo huganda; usijaribu kubana matumizi hapo.

Toa kiziduo kwa mdomo, subiri saa moja, kisha choma 0.1 ml chini ya unyayo wa nyuma wa kulia. Pima ujazo wa mguu kabla ya kuchoma, halafu saa ya 1, 2, 3 na 4. Chora mstari kwa kalamu kwenye kifundo, uzamishe hadi hapo kila mara. Bila mstari tofauti yako itakuwa ya mkono wa mpimaji. Saa ya kwanza uvimbe huletwa na kemikali za histamini na serotonini, kuanzia ya tatu ni prostaglandini.

Wengi hukosea hesabu. Haulinganishwi ujazo, hulinganishwa ongezeko. Mguu ulikuwa 1.0 ml, wa panya aliyepewa maji tu ukafika 1.6, wa aliyepewa dawa 1.3. Ongezeko ni 0.6 dhidi ya 0.3, yaani kizuizi cha 50%. Ukigawa ujazo mzima utapata 19% na kuitupa dawa nzuri.

Fundi_Maabara_Malindi
Shukrani. Swali dogo: kiziduo kinanata kama lami, na kwenye 400 mg/kg panya wametulia kupita kiasi.

Bint_Langoni
Kunata ni unyevu wa pwani. Unapopima gramu unapima na maji, kwa hivyo dozi yako ya kweli iko chini. Kikaushe hadi uzito usibadilike, kihifadhi kwenye chombo chenye silika ya kufyonza unyevu. Kwa ujazo wa 10 ml/kg, dozi ya 400 inahitaji 40 mg/ml; ongeza Tween 80 kidogo ili kiziduo kichanganyike na maji, na kundi la kulinganisha lipewe Tween hiyohiyo, si maji matupu.

Utulivu huo ndio hatari kubwa zaidi hapa. Wapandishe kwenye fimbo inayozunguka, baada ya kuwafunza kwanza, uone kama dawa inawalegeza tu. Wakidondoka kwenye 400 lakini si kwenye 200, andika matokeo ya 200. Na anayehesabu asijue panya yupi kapewa nini. Kibali cha kamati ya maadili ya wanyama na leseni ya NACOSTI (tume ya Kenya inayotoa leseni za utafiti) viwe mkononi kabla ya formalini, si baadaye.