Tupeane uzoefu: Kutoka na familia msituni kipindi cha vuli, kitu gani kiliwahi kukukuta?

Mpanda Vilima
Wakuu salaam. Msimu ndio huu, majani yanageuka manjano na mekundu, jua la mchana halichomi, na kila grupu la familia limeanza kelele za twendeni hata wikiendi moja tu. Mimi kwa kutembea na watu wangu naupenda huu msimu kuliko yote. Sasa jana shemeji katuma ratiba, kuondoka saa saba mchana, kupanda kilima, kushuka, kuchoma nyama, kulala kwenye mahema. Nikakumbuka kuna mwaka tuliondoka saa hizohizo na bibi yao watoto tukaja kumshusha kilimani gizani, mtu kashika mkono kila upande na tochi ya simu moja inayokaribia kuzima. Huku kaskazini mwa dunia ukishapita tu ule usiku na mchana kulingana, Septemba 22 au 23, jua linawahi kuzama kila siku kuliko jana, ila watu wanapanga safari kama bado ni Julai. Haya, tupeane uzoefu, nini kilikukuta na mlitokaje.

mama_watatu
Umenigusa pabaya. Mimi nikisikia tu sauti ya majani makavu yanakanyagwa moyo unanienda mbio mpaka leo.

Tulienda familia kadhaa marafiki, watoto wa rika tofauti, wakubwa tunapanga vitu watoto wanacheza kombolela. Mnajua inavyokuwa mkiwa wengi, kila mzazi anajua mwenzie anaangalia, na mwenzie anajua wewe unaangalia. Mchezo ukaisha, wakarudi, wa kwangu wa kati hayupo, alikuwa na miaka sita. Mwanzoni tukaita kwa kucheka, toka bwana umeshinda. Kimya. Baba yake akaanza kuita kwa sauti nyingine kabisa na hapo ndo nilijua hili si mchezo tena.

Kinachotesa kipindi hiki njia huioni. Majani yameanguka yamefunika kila kitu, penye njia na pasipo njia rangi ni moja, na mwanangu amevaa koti la kahawia alilopewa na shangazi yake, koti zuri la gharama, lakini kwenye yale majani hata akilala hatua tano kutoka kwako humuoni. Jua likaondoka. Halikuaga, liliondoka tu, mara tunaonana nyuso mara hatuonani. Wakaja watu wa uokoaji na matochi makubwa, sisi tunakimbia huku na huku tunaita, wanaume wote sauti zimekauka.

Kulikuwa na mzee mmoja kati yao akatusimamisha wote. Akasema hakuna anayetembea. Filimbi itapigwa mara moja, halafu dakika nzima kimya, maana ukitembea kwenye majani makavu unachosikia ni miguu yako mwenyewe. Ikapigwa, kimya, hakuna kitu. Tukasogea mbele kidogo, tena. Hivyo hivyo. Mara ya sijui ngapi tukasikia kikohozi. Kikohozi kidogo tu cha mtoto. Alikuwa chini ya gogo, kajikunja, karibu kabisa na magari tulipoegesha. Alikuwa anatusikia muda wote!! Kuja kumuuliza baadaye akasema alisikia wanaume wanamwita kwa ukali akajua amekosa atachapwa, na matochi nayo yalimtisha.

Alikuwa ameloa, midomo ya bluu, na hatetemeki. Mimi nikafurahi hatetemeki, yule mzee akasema hapana mama, mtu mwenye baridi kali akiacha kutetemeka ndo pabaya. Wakamvua nguo mbichi zote, wakamkausha, wakamfunga blanketi, baba yake akamuweka kifuani ngozi kwa ngozi, na alipoweza kumeza vizuri wakampa kinywaji cha moto chenye sukari. Hakuna aliyeruhusiwa kumsugua mikono wala miguu.

Sasa hivi wanangu wote nguo za rangi kali, filimbi shingoni, na tumewafundisha nyumbani kabla hatujatoka: ukiona hutuoni chagua mti mmoja ukumbatie ukae hapohapo, ukisikia mtu anakuita jibu, HAKUNA atakayekugombeza. Hilo la mwisho nawarudishia kila safari.

Tochi Mbili
Hapo pa kila mzazi anajua mwenzie anaangalia. Dah. Ni kweli tupu.

Kibuyu
Pole sana dada. Sisi tuna utaratibu, mtu mzima mmoja kwa zamu anavaa kofia nyekundu, aliyevaa kofia ndo macho ya watoto, hapiki, hashiki simu, hapigi stori. Akichoka anamkabidhi mwingine kofia mkono kwa mkono.

Kata Shauri
Mambo ya kukumbatia mti ni ya watoto. Mtu mzima ukipotea tafuta mto ufuate unakoshuka, maji yote yanaenda kwa watu.

Nahodha
@Kata Shauri na huo ushauri ndo unaoua watu. Mto unashuka kwenye mabonde, kwenye maporomoko, mawe yana majani yaliyoloa juu yake yanateleza balaa, ukivunjika mguu huko chini hata simu haishiki mtandao. Kama umeaga watu unakoenda, kaa ulipo, utafutwe.

Kata Shauri
Wewe umeshawahi kupotea?

Nahodha
Nimeshawahi kumbeba aliyefuata mto.

Kata Shauri
Kila mtu na uzoefu wake mkuu. Mimi mto ulinitoa.

Mpanda Vilima
Jamani msigombane. Ila kuaga ni muhimu, mwachie mtu wa nyumbani njia mnayopita na saa ya kurudi, na akiona imepita apige simu asione aibu. Ulaya namba ya dharura ni 112.

Babu Mkoba
Baridi dawa yake chupa ndogo ya kitu kikali mfukoni. Zamani tulitembea milima yote hivyo.

Nesi wa Zamu
Shikamoo babu, lakini hapo nakukatalia kwa heshima zote. Pombe inafungua mishipa ya kwenye ngozi, damu ya moto inakuja juu, wewe unasikia joto kumbe joto la ndani ndo linatoka. Mwili ukishashuka chini ya nyuzi 35 akili nayo inaanza kwenda, mtu anaongea maneno hayaeleweki, anajikwaa, mnadhani amelewa. Sasa kama kweli amekunywa mtajuaje?

Babu Mkoba
Marahaba mwanangu. Basi nitakunywa nikisharudi nyumbani.

Tochi Mbili
Na jinzi jamani. Pamba ikiloa haikauki na inakunyonya joto, ukipanda juu ni kazi, kila mita 1000 baridi inaongezeka kama nyuzi 6 hivi na upepo juu yake. Sweta la sufu hata likiloa linasaidia kidogo.

Mwanahema
Nimesoma huu uzi tangu juu nikasema nisiandike. Ngoja niandike.

Ilikuwa mimi na mke wangu, kaka zangu, na binamu yangu na mkewe mjamzito na mtoto wao mdogo, na mbwa wao. Mchana ulikuwa mzuri ajabu, tumetembea, tumechoma nyama, watu wamecheka mpaka mbavu zinauma. Usiku mvua ikaanza, nyembamba ila haikatiki, na baridi. Lile jiko la mkaa tulilochomea lilishafifia, majivu ya kijivu juu, ukitazama hakuna moto. Binamu akaona mtoto anatetemeka, na kwa upendo wote wa baba akalibeba jiko akaliweka pale mbele ya hema lao, ile sehemu ya viatu iliyofunikwa na turubai lakini bado ni ndani ya hema. Akafunga zipu sababu ya mvua. Hema letu lilikuwa pembeni, nikamsikia anasema sasa kumepata joto, laleni.

Nikapitiwa na usingizi. Nikashtuka nimesikia kitu kizito kimeanguka.

Naja kuendelea, nimeitwa.

Kibuyu
Mkuu usituache hapo!!

Kata Shauri
Hawa watu wa itaendelea wafungiwe. Rudi bwana.

mama_watatu
Mungu wangu. Mtoto alipona? Sema hilo tu kwanza.

Nahodha
Nimeacha kazi nasubiri hapa.

Mwanahema
Samahanini. Dada @mama_watatu, mtoto yupo, mzima.

Kilichoanguka ni shemeji. Mimba ilikuwa inamtoa nje mara kwa mara usiku, na hiyo safari aliamka kichwa kinamgonga, miguu haimshiki, akafika kwenye zipu akaifungua kidogo, akaangukia nje nusu mwili. Nikatoka najua kateleza. Nikammulika usoni, ananiangalia hanioni. Nikaingiza kichwa hemani namwita binamu, njoo umsaidie mkeo, hajibu. Nikamshika mguu nikauvuta, mguu ukaja bila ubishi wowote. Hiyo hali sijawahi kuielezea vizuri, mtu aliyelala ukimvuta mguu anaurudisha, lazima kuna kitu kinabisha. Huu haukubisha.

Nikapiga kelele kaka zangu wakaja tukawavuta wote nje kwenye mvua. Mtoto kichwa kinaanguka huku na huku. Tulipomweka hewani akaanza kutapika, nikashukuru Mungu kwa yale matapishi. Binamu alichukua muda zaidi. Mmoja wetu anasema ni nyama, nyama ilikuwa mbaya, mke wangu ndo akamulika jiko akasema ni hilo. Hospitali wakawekewa oksijeni wote watatu na wakasema hewa ya mkaa. Mimba ilifuatiliwa kwa karibu mpaka akajifungua salama.

Mbwa ndo alikuwa amelala karibu na jiko. Hakuamka.

Binamu hadi leo halali chumba chenye moto wa aina yoyote. Naandika kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa mzembe usiku ule, kila mtu alikuwa anajali watoto.

mama_watatu
Nalia hapa.

Tochi Mbili
Poleni sana mkuu. Sina neno.

Zege Halilali
Pole, ila naomba kueleweshwa. Mkaa umeshazima sumu inatoka wapi? Na hema ni kitambaa, hewa inapita.

Nahodha
Mtu kakueleza watu walikaribia kufa wewe unaleta ubishi wa kitambaa.

Zege Halilali
Nimeuliza, sijabisha.

Nesi wa Zamu
Ni swali la haki, ngoja nijibu maana wengi wanadhani hivyo. Mkaa unaofifia bado unaungua ndani taratibu, na unapoungua bila hewa ya kutosha ndipo unatoa kaboni monoksaidi kwa wingi. Haina harufu, haina rangi, haiwashi macho kama moshi wa kuni, kwa hiyo hakuna cha kukuamsha. Ikiingia kwenye damu inashika ile sehemu ya kubebea oksijeni kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Na vitambaa vya hema vya sasa vimetengenezwa kuzuia maji, vikiloa na zipu ikafungwa hewa inayopita ni kidogo mno. Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, udhaifu, ndo maana watu wanasingizia chakula. Mkiona wawili watatu mahali pamoja vichwa vinauma kwa wakati mmoja, tokeni nje kwanza, mwite msaada. Wajawazito na watoto ndo inawaumiza zaidi. Jiko la gesi hemani nalo hivyohivyo.

Zege Halilali
Nimekuelewa nesi. Asante. Na @Mwanahema pole sana kaka, sikuwa na nia mbaya.

Mwanahema
Hakuna shida ndugu. Hata binamu aliuliza hilo hilo.

Kibuyu
Sasa mtoto anatetemeka usiku unafanyaje?

Babu Mkoba
Chupa ya maji ya moto, ifunge vizuri, ivike soksi nene, weka miguuni kwenye mfuko wa kulalia. Na chini yake godoro la povu au hata mablanketi mawili, baridi inatoka ardhini watu wanarundika nguo juu tu. Hili nesi hatanikatalia.

Nesi wa Zamu
Hilo nakuunga mkono babu. Maji yasiwe ya kuchemka tu.

Dada wa Uyoga
Mmenikumbusha wifi yangu na uyoga. Vuli unaota kila mahali, akajaza kapu anasema kwao walikuwa wanakula. Mama mkwe akamwaga wote, ikawa ugomvi njia nzima hawasemeshani. Lakini mama mkwe alikuwa sahihi, kuna ule wa kofia ya kijani iliyopauka, ukiula unakaa hata masaa sita na zaidi husikii kitu, halafu unatapika na kuharisha, halafu unapata nafuu kabisa unasema nimepona, kumbe ini ndo linakufa. Kuupika hakuondoi sumu.

Kata Shauri
Mimi uyoga wa dukani tu. Hapa sina ubishi na mtu.

Nahodha
Leo umekubali kitu.

Tochi Mbili
Mwingine aongezee wawindaji. Sehemu nyingi msimu wao ndo huu, vaeni rangi ya chungwa inayowaka, na mbwa mumvishe. Na kulungu dume Septemba na Oktoba wanapigania majike, ukiwaona usisogee kupiga picha.

Mpanda Vilima
Shemeji nimemtumia huu uzi wote kama ulivyo. Kajibu tunaondoka saa mbili asubuhi na jiko linabaki nje. Na nimemkumbusha Ulaya saa zinarudishwa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Marekani Jumapili ya kwanza ya Novemba, giza linakuja saa nzima mapema kuliko wiki iliyopita.

Mgeni Njiani
Nimechelewa. Tumerudi jana, nimemkuta mtoto na kupe nyuma ya goti. Mama yangu anasema nimpake mafuta ya taa, wengine wanasema nimchome na kiberiti. Nifanye lipi?

Kibuyu
Mafuta, anajiachia mwenyewe.

Nesi wa Zamu
Usipake kitu na usichome chochote. Chukua kibano chembamba, mshike kupe kichwani karibu kabisa na ngozi, vuta juu taratibu bila kukatisha, usimminye tumbo. Osha kwa sabuni, andika tarehe. Wiki zinazofuata ukiona wekundu unaotanuka pale mahali au homa, mpeleke kwa daktari umwambie aliumwa na kupe. Mkague na masikioni, kwapani, kwenye nywele na kiunoni, anapokuwa mmoja huenda kuna mwingine.

Mgeni Njiani
Nimemtoa huyo. Umesema kweli, kulikuwa na mwingine nyuma ya sikio.