Mjadala: Gabriel alipoondoka, Genesis ilibaki Genesis?

Mzee wa Santuri
Wakuu, salaam. Hoja yangu ni kwamba Genesis haikufa Gabriel alipoondoka. Najua kwa hoja hii nitapigwa mawe, lakini naiweka mezani hivyo hivyo.

Genesis, bendi ya rock ya Uingereza, nimeifikia kwa mlango wa nyuma. Nilikuwa natafuta kazi ambazo Remmy Ongala na Super Matimila walizitoa Uingereza, Songs for the Poor Man ya 1989 na Mambo ya 1992. Zote mbili zina nembo ya kampuni ya santuri ya Real World. Real World ya nani? Ya Peter Gabriel. Gabriel ndiye nani? Kumbe alikuwa mwimbaji wa Genesis, bendi iliyozaliwa katika shule ya Charterhouse, huko Surrey, mwaka 1967. Mimi niliyokuwa naijua ni Genesis ya Phil Collins, ile ya redioni. Sikujua kwamba chini yake kuna nyingine imefukiwa.

Nikaanza kuchimba kwa mpangilio wa miaka, albamu moja kwa wiki. Ya kwanza ya 1969 niliipita mbio, ni watoto wa shule wanapasha koo. Trespass (1970) ikanisimamisha. Nursery Cryme (1971) ndipo wanaingia Collins kwenye dramu na Steve Hackett kwenye gitaa, na chungu kinaanza kuchemka. Halafu Foxtrot (1972), Selling England by the Pound (1973), na The Lamb Lies Down on Broadway (1974), santuri mbili nzima za kisa cha kijana Rael wa New York. Mwaka 1975 Gabriel akaaga.

Mashabiki wa zamani wanasema bendi ilizikwa siku hiyo. Mimi nakataa. Chukueni huo huo wimbo wa Supper's Ready wanaouapia, dakika 23 upande wa pili wa Foxtrot. Niliusikiliza kwenye daladala kutoka Mbagala, nimebanwa dirishani, kiwiko cha mtu ubavuni. Kuna mahali karibu na mwisho Collins na mpiga besi Mike Rutherford wanang'ang'ania mapigo tisa, hawataki kuachia, na kinanda cha Tony Banks kinapanda juu yao ngazi kwa ngazi. Nywele zilinisimama. Nikapitiliza kituo. Muda wote huo Gabriel yuko kimya, anaingia baadaye kuvuna. Na A Trick of the Tail ya 1976, ambayo ameshaondoka, nilifika katikati ndipo nikakumbuka kwamba anayeimba ni Collins. Kwangu ukuta uko 1977, alipotoka Hackett. Gitaa lile halikupata mrithi.

Dada wa Chang'ombe
Mzee, umeanza vizuri ukaharibu mwishoni. Kabla ya Gabriel kuamka, jukwaa la Genesis lilikuwaje? Wapiga gitaa wamekaa vitini kama wanasubiri kuitwa na daktari. Septemba 1972 pale Dublin akatokea na gauni jekundu la mkewe na kichwa cha mbweha, bila kuwaambia wenzake. Watu wakapigwa butwaa, magazeti yakaanza kuandika. Bila lile gauni hata hicho kinanda chako ungekisikia wapi?

Baba Nasri
Mimi wa Unguja, naomba nipite kidogo. Naona hapa dakika 23 zinatajwa kama muujiza. Aliyekulia kwenye taarabu hatishwi na urefu, nyimbo zetu zinakupa nafasi ya kwenda kutunza ukarudi ukakuta bado uko ubeti wa pili. Ila nakiri Supper's Ready umeshonwa kwa namna nyingine. Vipande saba, kila kimoja na mwendo wake, na unapodhani wameshapotea njia, ule wimbo wa mwanzo unarudi umevaa nguo za sherehe. Hapo nilinyamaza.

Kuhusu Gabriel na Collins sina upande. Wote kaswida hawajui.

Kinanda Kibovu
Jamani hii kesi mbona tulishaihukumu zamani hapa Dar? Bendi ya NUTA Jazz ikawa Juwata, ikawa OTTU, leo Msondo Ngoma. Mwimbaji wao Muhiddin Gurumo akatoka 1978 kwenda kuanzisha bendi ya Mlimani Park, miaka ikapita, akaja akarudi. Waimbaji wamehama na kuhamia, jina limegeuka mara tatu, na bado ukilisikia lile vumbi lao unasema huu ni Msondo. Wale Waingereza wamefanya kinyume. Jina wamelishika kwa meno, muziki ndio uliohama nyumba.

Mzee wa Santuri
Kinanda, umenisaidia bila kutaka. Msondo unautambua kwa vyombo au kwa mwimbaji?

Kinanda Kibovu
Kwa vyombo. Lakini siku Gurumo hayupo, watu walikuwa wanauliza yuko wapi.

Mkaazi wa Eastlands
Salamu kutoka Nairobi. Naona Collins anahukumiwa bila wakili, wacha nisimame mimi. Moja, hakuvamia maikrofoni. Aliimba wimbo mzima kwenye Nursery Cryme, Gabriel akiwepo, na mwingine tena kwenye Selling England. Walijaribu waimbaji wengi kabla ya kumgeukia aliyekuwa amekaa nyuma ya dramu muda wote. Pili, mnasema aliigeuza bendi kuwa ya pop. Invisible Touch ya 1986 nyimbo zote zimeandikwa kwa majina ya watu watatu, Banks, Collins na Rutherford. Huyo Banks mnayemtukuza mkono wake umo humo humo! Na ndani ya albamu hiyo hiyo kuna wimbo wa Domino, dakika zaidi ya kumi. Watu husikia zile za redio, wanafunga, wanaenda kulalamika.

Dada wa Chang'ombe
Wakili wa Collins nakupa hilo la Banks. Kweli tumemfanya mtu mmoja jalala la makosa ya watatu. Ila Mzee hajanijibu kuhusu The Lamb. Rael ni wa nani? Maneno karibu yote ni ya Gabriel.

Mzee wa Santuri
Maneno ndiyo, nakubali. Lakini pale Headley Grange, nyumba walikoitungia albamu hiyo, 1974, wanne walikuwa chumba kimoja wanatunga muziki na yeye yuko kando na karatasi zake. Ndiyo maana kwenye The Lamb nasikia mahali pengine maneno yanasongamana, kinanda hakipati pa kupumua. Albamu kubwa, sibishi. Ila ni ya watu waliokwisha kuachana wakiwa bado nyumba moja.

Mgeni wa Mada
Samahani wakubwa, mimi sijawahi kusikia hata moja. Nianze na ipi?

Mkaazi wa Eastlands
Duke, ya 1980. Ya kwanza yao kushika namba moja Uingereza, na ina miguu pande zote mbili za mto.

Mzee wa Santuri
A Trick of the Tail. Haitakutisha.

Dada wa Chang'ombe
Msimpotoshe mtoto wa watu. Mgeni, fungua Selling England by the Pound, wimbo wa kwanza, weka spika za masikioni. Sekunde za mwanzo hakuna kinanda, hakuna gitaa, hakuna dramu. Ni Gabriel na pumzi yake. Ukishamaliza hapo rudi umwambie Mzee ulichosikia.